Ubatizo wa nani? Mgogoro uliolipasua Kanisa la Afrika Kaskazini

Chukua mtu aliyebatizwa miaka mingi iliyopita, akafunga ndoa kanisani, akawazika wazazi wake kwa ibada ya Kikristo. Kisha siku moja inabainika kwamba askofu aliyempa daraja la upadre yule padre aliyembatiza aliwahi kuisaliti imani wakati wa mateso. Je, ubatizo wake unasimama, au alimwagiwa maji tu? Na mkate anaoupokea kila Jumapili mezani pa Bwana ni nini hasa?

Katika karne ya 4 watu waliulizana hivyo sokoni na majumbani. Katika majimbo ya Kirumi ya Afrika, yaani Tunisia na mashariki mwa Algeria ya leo, swali hilo liligawa Kanisa kiasi kwamba mji mmoja ulikuwa na maaskofu wawili, kila mmoja na kanisa lake, na zilikuwepo nyumba ambazo mume alisali huku na mke kule. Upande mmoja uliitwa Wadonatisti, kwa jina la kiongozi wao Donatus. Upande wa pili ulijiita Wakatoliki, kwa maana kwamba walikuwa katika ushirika na makanisa mengine yote duniani. Wote walikiri Utatu, walisoma Biblia ileile ya Kilatini na kuimba zaburi zilezile. Hata hivyo hawakuweza kukaa meza moja.

Habari za Kanisa la mwanzo tumezoea kusimuliwa kwa mkato: Wakristo waliteswa, wakavumilia, Kaisari Konstantino akaja, mateso yakakoma. Mimi naamini kazi ngumu kuliko zote ilianza pale mateso yalipokoma, maana waliosimama imara na walioanguka walipaswa kuishi tena kama ndugu. Kuelewa kwa nini jambo hilo liliwashinda Waafrika wa Kaskazini, inabidi tuanzie nyuma kidogo.

Kanisa la mashahidi

Tarehe 17 Julai 180, Wakristo 12, wanawake na wanaume, walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus jijini Karthago, jiji kuu la Afrika ya Kirumi, karibu na Tunis ya leo. Kumbukumbu fupi za kesi yao ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo kwa lugha ya Kilatini. Liwali hakuwa mkali. Aliwauliza walichobeba kwenye kisanduku chao, na msemaji wao Speratus akajibu kuwa ni vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Akawapa siku 30 wakafikiri, wakazikataa. Waliposomewa hukumu ya kuuawa kwa upanga wakajibu, “Deo gratias”, Mungu ashukuriwe.

Miaka 23 baadaye, tarehe 7 Machi 203, walikufa Perpetua na Felista. Perpetua alikuwa na umri wa miaka kama 22, mtoto wake bado ananyonya, na gerezani aliandika kwa mkono wake mwenyewe jinsi baba yake mzee alivyomjia akilia, akimsihi amwonee huruma yeye na mvi zake na mtoto mchanga. Felista alikuwa mtumwa, na alijifungua gerezani siku chache kabla ya kuingizwa uwanjani kwa wanyama. Habari yao ilisomwa kanisani kila mwaka siku ya kumbukumbu yao. Parokia nyingi za kwetu zina akina mama wanaoitwa Perpetua na Felista, na majina hayo chanzo chake ni gereza la Karthago.

Tertuliani, mwandishi mkali wa jiji hilohilo, aliwaambia watawala mnamo mwaka 197 kwamba damu ya Wakristo ni mbegu. Msomaji atambue uzito wa urithi huo. Mkristo wa Karthago alikulia katika Kanisa lililowaheshimu mashahidi kuliko matajiri na wasomi, na likawatembelea makaburini kwa chakula na sala. Katika jamii ya namna hiyo, kuanguka lilikuwa jambo zito sana.

Hati ya Decius

Kisha likaja pigo ambalo halikumbagua mtu. Mwishoni mwa mwaka 249 Kaisari Decius aliamuru kila mkazi wa dola atoe sadaka kwa miungu mbele ya kamati maalumu, halafu apewe hati ya kuthibitisha. Mchanga mkavu wa Misri umetuhifadhia zaidi ya 40 ya hati hizo. Moja ni ya mzee Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous, miaka 72, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Anasema siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na sasa mbele ya kamati ametoa sadaka, amemimina kinywaji na kuonja nyama kama amri inavyotaka, anaomba wamthibitishie. Hatuambiwi kama mzee huyo alikuwa Mkristo au la. Serikali ilitaka saini tu.

Mateso ya zamani yalikuwa yakimkamata huyu na kumwacha yule. Sasa kila mtu alikuwa na siku yake ya kwenda mbele ya kamati, na Kanisa lilianguka kwa makundi. Sipriani, askofu wa Karthago, ameeleza jinsi watu walivyokimbilia uwanja wa mji wenyewe, bila kusukumwa, na wengine walipoambiwa warudi kesho kwa kuwa jioni imeingia wakasihi wahudumiwe usiku uleule. Wapo waliofukiza ubani tu. Wapo waliotoa rushwa wakapewa hati bila kutoa sadaka yoyote, wakajiambia kwamba hawajamkana Kristo. Sipriani mwenyewe alijificha na kuongoza Kanisa kwa barua, jambo ambalo wengi hawakumsamehe upesi.

Mwaka 251 dhoruba ilipopoa, walioanguka walitaka kurudi. Hapo ndipo uzi huu wote unapoanza kusokotwa. Waungamaji, yaani walioteswa gerezani bila kuikana imani wakatoka hai, waliheshimiwa mno, na baadhi yao wakaanza kuandika vyeti vya msamaha. Sipriani alilalamika kwamba vyeti vingine viliandikwa tu “fulani apokelewe pamoja na watu wake”, bila kusema watu wake ni wangapi, na mtu mmoja angeweza kuingia na watu 20 au 30. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago wa mwaka huo ulichukua njia ya kati: kila kesi ichunguzwe, walionunua hati wapokewe baada ya toba, waliotoa sadaka waendelee kutubu. Kule Roma, padre Novatianus alikataa hata hiyo. Kwake yeye aliyemkana Kristo hana njia ya kurudi mezani hadi kufa, na akaondoka na wafuasi wake kuunda Kanisa lake.

Sasa fikiria mtu aliyebatizwa na kundi la Novatianus, kisha akaona amekosea, akaja kwa Sipriani. Abatizwe upya? Sipriani alisema ndiyo, tena ule wa kwanza hauhesabiwi kabisa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibu: Roho Mtakatifu yumo ndani ya Kanisa, aliye nje hana Roho, na mtu hawezi kutoa asichonacho. Ndiye aliyeandika kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Askofu Stefano wa Roma akashika desturi nyingine: aliyekwisha kubatizwa habatizwi tena, anawekewa mikono tu. Septemba 256 maaskofu 87 walikutana Karthago wakamuunga mkono Sipriani. Barua kali zikapita baharini. Stefano akafa mwaka 257, na Septemba 14, 258 Sipriani akakatwa kichwa akiwa amesema “Deo gratias” na kuagiza mwuaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu.

Kwa hiyo suala lilibaki wazi, na Mwafrika mkuu kuliko wote, sasa shahidi, alikuwa amesimama upande mmoja. Hili ni la kushikwa, kwani wengi huwaona Wadonatisti kama wazushi waliojitokeza bila mizizi, na sivyo. Walikuwa wanashika fundisho la shahidi wao.

Vitabu vya Cirta

Februari 303 Kaisari Diocletianus alitoa amri nyingine: makanisa yabomolewe, vitabu vitakatifu vikabidhiwe vichomwe. Safari hii dola ililenga kitu ambacho Wakristo wa Afrika walikuwa wamekibeba tangu kile kisanduku cha Speratus.

Tuna kumbukumbu za siku moja, karibu neno kwa neno, kutoka mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine huko Algeria. Tarehe 19 Mei 303 mkuu wa mji, Munatius Felix, aliingia katika nyumba walimokusanyika Wakristo na kumtaka askofu Paulo atoe maandiko na kila mali. Karani akaandika: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, taa 7 za fedha, na mengine ya shaba. Kisha nguo: kanzu 82 za kike, shungi 38, kanzu 16 za kiume, jozi 13 za viatu vya kiume, jozi 47 za viatu vya kike. Orodha hii hunigusa kila ninapoisoma. Pembeni mwa vyombo vya ibada limo rundo la nguo na viatu, vingi vikiwa vya wanawake, katika Kanisa lililozoea kuwavisha wajane na maskini wake.

Makabati ya vitabu yalikutwa matupu. Shemasi mdogo mmoja, Silvanus, alileta sanduku la fedha na taa ya fedha, akasema amevikuta nyuma ya mtungi. Mmoja wa maofisa akamwambia kwamba asingeviona angekufa. Walipoulizwa vitabu viko wapi walijibu kwamba wanavyo wasomaji wa kanisa. Walipotakiwa kutaja majina, wawili wakasema, “Sisi si wasaliti. Tupo hapa, amuru tuuawe.” Wakakamatwa. Lakini wengine wakaonyesha nyumba, msafara ukapita mlango kwa mlango, na vitabu vikatoka: kwa fundi vitabu vitano, kwa mwalimu wa shule viwili na karatasi zisizojalidiwa, kwa mwingine vinane, na mke wa mmoja aliyekuwa hayupo akatoa sita.

Kwingine watu walikufa kwa jambo lilelile. Askofu Felix wa Thibiuca alikataa kukabidhi, akauawa. Wakristo wa Abitinae walikamatwa wakiadhimisha Jumapili katika nyumba ya mwenzao Emeritus. Hakimu alipomuuliza kwa nini aliwaruhusu, akajibu kwamba bila adhimisho la Bwana hawawezi kuishi. Mensurius, askofu wa Karthago, alikuja kusema kwamba yeye aliwakabidhi askari vitabu vya wazushi, wakaondoka wakidhani ni Biblia. Wengine waliona ni busara. Wengine waliona ni usaliti uliovishwa kanzu.

Ndipo lilipo fundo. Aliyetoa sadaka mwaka 250 mara nyingi alikuwa muumini wa kawaida, akatubu, akasubiri mlangoni. Waliokabidhi vitabu mwaka 303 wengi wao walikuwa viongozi: maaskofu, mashemasi, wasomaji. Baada ya dhiki waliendelea na kazi zao, wakiweka mikono juu ya wengine.

Mambo hayakuwa safi upande wowote. Baada ya dhiki kupoa, maaskofu wa Numidia, jimbo la Kirumi ulimokuwa mji huo wa Cirta, walikutana hapo kumweka wakfu askofu mpya. Kwa mujibu wa kumbukumbu ambazo Wakatoliki walizitumia sana na Wadonatisti wakazipinga, mkuu wao Secundus wa Tigisis alianza kumhoji kila mmoja kama aliwahi kukabidhi vitabu. Mmoja baada ya mwingine alijikanyaga. Ilipofika zamu ya Purpurius wa Limata, aliyetuhumiwa kuwaua watoto wa dada yake, alimgeukia Secundus kwa ukali: wewe ulishikwa na serikali, ilikuwaje ukaachiwa? Secundus akaona heri mambo hayo aachiwe Mungu, na kikao kikaitikia “Deo gratias”. Aliyewekwa wakfu alikuwa Silvanus, yule wa sanduku nyuma ya mtungi.

Maaskofu wawili kwa kiti kimoja

Mensurius alifariki mnamo mwaka 311. Watu wa Karthago wakamchagua upesi shemasi wake, Caecilianus, na akawekwa wakfu na Felix, askofu wa Aptunga, kabla maaskofu wa Numidia hawajafika. Hilo la kutosubiriwa liliwaudhi Wanumidia kabla hata ya hoja ya dini. Kisha alikuwepo Lucilla, mama tajiri ambaye kabla ya kukomunika alikuwa na desturi ya kubusu mfupa wa mtu aliyemhesabu kuwa shahidi, na Caecilianus alipokuwa shemasi alimkemea mbele ya watu. Mama huyo hakusahau.

Maaskofu wapatao 70 wakakutana, wakatangaza kwamba Felix wa Aptunga alikabidhi maandiko, basi mikono yake haikumpa Caecilianus kitu. Wakamchagua Majorinus, msomaji wa nyumbani kwa Lucilla. Huyo akafa karibuni, na mwaka 313 nafasi yake ikachukuliwa na Donatus, mtu mwenye uwezo mkubwa wa kuongoza, aliyeshika kiti hicho kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa mnyororo wenyewe unaonekana. Ikiwa Felix alipoteza Roho kwa kukabidhi kitabu, Caecilianus si askofu. Mapadre aliowapa daraja si mapadre. Watu waliobatizwa na mapadre hao hawakubatizwa. Na makanisa ya ng'ambo ya bahari yanayomtambua Caecilianus yamejichafua kwa kushirikiana naye. Mdonatisti aliyeamini hivyo alikuwa na wajibu wa kumbatiza upya kila aliyehamia kwake, kwani kwake huyo alikuwa bado hajabatizwa.

Mkono wa Kaisari

Wakati huohuo Konstantino alikuwa ameshinda huko Roma mwaka 312 na kuamua kulifadhili Kanisa. Alituma kwa Caecilianus mafungu 3,000 ya fedha kwa ajili ya makasisi wake, na akawaondolea makasisi mizigo ya utumishi wa serikali. Mara moja swali la nani ni askofu halali likawa pia swali la nani anapokea fedha na nani anashika majengo. Nadhani bila fedha hizo ugomvi ungekuwepo, lakini usingeota pembe upesi vile.

Aprili 313 wapinzani wa Caecilianus ndio waliotangulia kumwomba Kaisari awape waamuzi. Jambo hili linashangaza ukikumbuka walivyokuja kuwa baadaye. Kikao cha Roma, Oktoba mwaka huo, chini ya Papa Miltiades, kikampa haki Caecilianus. Wakakata rufaa. Agosti 314 maaskofu wa magharibi walikutana Arles, katika Ufaransa ya leo, wakatoa uamuzi ambao kwa maoni yangu ndio ufunguo wa kesi yote: kiongozi aliyethibitika kwa kumbukumbu za serikali kuwa alikabidhi maandiko aondolewe, ila wale aliowapa daraja wabaki na daraja lao. Aliyebatizwa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu asibatizwe tena. Dhambi ya mtumishi ina adhabu yake. Zawadi iliyopita mikononi mwake haifutiki. Uchunguzi wa serikali nao ukamwona Felix wa Aptunga hana hatia, na mtu mmoja akabainika kuwa aliongeza maneno ya uongo kwenye barua ili kumtia hatiani. Mwaka 316 Konstantino akaamua kwa kauli yake mwenyewe kuwa Caecilianus ndiye askofu.

Wadonatisti hawakukubali. Kuanzia 317 askari walianza kuchukua makanisa yao kwa nguvu, watu wakafa, na sasa wakawa na mashahidi wapya waliouawa na dola ya Kikristo. Mwaka 320 aibu ikawageukia wao: Silvanus wa Cirta aligombana na shemasi wake, shemasi akaenda mahakamani na karatasi za mwaka 303, na zile taarifa za sanduku na taa zikasomwa hadharani. Ilielezwa pia kwamba Lucilla alitoa mafungu 400 ya fedha yakagawanywa kwa maaskofu waliompigia kura Majorinus. Ndiyo maana tuna kumbukumbu hizo hadi leo. Zilitunzwa kama vielelezo vya kesi. Mwaka uliofuata Konstantino aliona nguvu hazizai matunda, akaacha.

Mwaka 347 Kaisari Constans alituma wajumbe wawili, Paulo na Macarius, na fedha za kugawia maskini. Donatus alijibu kwa swali ambalo limebaki: Kaisari ana nini na Kanisa? Macarius alitumia upanga, Donatus akapelekwa uhamishoni na hakurudi. Kwa miaka mingi Wadonatisti waliwaita Wakatoliki “watu wa Macarius”. Kaisari Juliano alipowaruhusu waliofukuzwa warudi, miaka ya 361 na 362, walirejea na hasira zao, na katika sehemu kubwa ya Numidia wakawa ndio wengi.

Wapo wanaoueleza mgogoro huu kama uasi wa Waberiberi wa vijijini dhidi ya Warumi wa mijini. Kuna chembe ya kweli: Wadonatisti walikuwa na nguvu zaidi mashambani na bara, na vikundi vya watu wenye marungu, walioitwa Circumcelliones, vilishambulia makasisi wa upande wa pili na wakati mwingine wakopeshaji na mabwana. Lakini viongozi wao walikuwa wanasheria na wasomi wa Kilatini, wakaao katika miji mikubwa. Kuwanyima dini yao na kuwaachia siasa tu ni kutowatendea haki.

Jibu la Agostino

Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, akawa askofu wa Hippo, kwenye pwani ya Algeria ya leo, karibu mwaka 395, katika mji ambamo Wadonatisti walikuwa na nguvu sana. Kazi yake ilikuwa ngumu kwa sababu pande zote mbili zilimwita Sipriani baba yao. Hakuweza kumtupa Sipriani. Alichofanya ni kuonyesha kwamba Sipriani alikuwa na mambo mawili: fundisho la kubatiza upya, ambalo Agostino aliliona kosa la mtu mwema, na upendo wa umoja, uliomfanya asijitenge na Roma hata walipogombana. Wadonatisti walichukua la kwanza wakaacha la pili.

Kisha akajibu hoja ya “mtu hawezi kutoa asichonacho”. Mtumishi, alisema, hatoi kilicho chake. Petro akibatiza, Kristo ndiye anayebatiza. Yuda akibatiza, Kristo ndiye anayebatiza. Maji yanayopita kwenye mfereji wa jiwe hayaoteshi kitu kwenye jiwe, ila bustani upande wa pili inazaa. Akaongeza swali la kichungaji ambalo Wadonatisti walipata taabu nalo: ukitegemea usafi wa moyo wa padre, utajuaje moyo wake? Hakuna muumini ambaye angelala usingizi. Na kuhusu Kanisa safi lisilo na doa, alirudi kwenye mfano wa ngano na magugu: vyote viachwe vikue hadi mavuno, na mvunaji si sisi. Wadonatisti walijibu kwamba Bwana alisema shamba ni ulimwengu, hakusema ni Kanisa. Jibu hilo si la kubezwa.

Mafundisho hayo ndiyo yaliyoshinda katika Kanisa la magharibi. Mluteri au Mwanglikana wa Moshi au Mombasa akiingia Kanisa Katoliki leo habatizwi upya, na kanuni inayomlinda ilipiganiwa katika ugomvi huu. Madhehebu yanayobatiza upya siku hizi kwa kawaida yana hoja nyingine, ya umri na imani ya anayebatizwa, ambayo haikuwa suala la Donatus.

Lipo jambo la pili ambalo Agostino alituachia, na hilo linaniumiza. Mwanzoni alishikilia kwamba mtu asilazimishwe kuingia katika umoja. Washindwe kwa hoja. Baada ya miaka ya mashambulizi, na baada ya kuona mji wake wa Thagaste wote ukigeuka Katoliki kwa hofu ya sheria za Kaisari, akabadili msimamo. Akachukua maneno ya Luka 14, “ukawashurutishe kuingia ndani”, akayatumia kuhalalisha faini na kunyang'anywa mali. Ni kweli alisimama kidete dhidi ya adhabu ya kifo, na akawaombea hata Wadonatisti walioua padre. Lakini waliokuja kutumia hoja yake karne nyingi baadaye hawakuiga huruma hiyo.

Mwaka 405 Kaisari Honorius alipiga marufuku Udonatisti. Juni 411 akaitisha mkutano Karthago chini ya afisa wake Marcellinus, na maaskofu zaidi ya 550 wakafika, pande mbili zikikaribiana sana kwa idadi. Wadonatisti walikataa kuketi, wakitaja Zaburi ya 26 kuhusu kutoketi na waovu. Siku nzima ya kwanza ilipita kwa kuitwa majina: kila askofu alijitokeza, na mpinzani wake wa mji uleule akathibitisha kwamba anamfahamu. Makarani waliandika kila neno. Soma humo uone maaskofu wa vijijini wakitambulishana, mmoja mmoja, watu waliotazamana barabarani miaka na miaka bila kusalimiana. Siku ya tatu ya vikao Marcellinus akatoa hukumu kwa Wakatoliki. Januari 412 sheria ikaweka faini kwa kila tabaka, na makanisa ya Wadonatisti yakahamishiwa upande wa pili. Marcellinus mwenyewe aliuawa mwaka 413 kwa tuhuma za kisiasa.

Umoja wa kisheria ulipatikana, na ulidumu muda mfupi. Mwaka 429 Wavandali walivuka kutoka Hispania, nao walikuwa Waario, waliokataa imani ya Utatu kama wote wawili walivyoikiri. Agostino alikufa Agosti 28, 430 mji wake ukiwa umezingirwa, na Karthago ikaanguka mwaka 439. Wadonatisti hawakuisha: miaka ya 590 Papa Gregori Mkuu alikuwa bado anaandika barua kuhusu Wadonatisti wa Numidia wanaobatiza upya. Waarabu waliitwaa Karthago mwaka 698, na Ukristo ukapungua polepole kwa karne kadhaa. Wanahistoria hawakubaliani ni kwa kiasi gani mpasuko wa zamani ulichangia. Ila mwaka 1076, Papa Gregori VII alipotaka askofu awekwe wakfu kwa ajili ya nchi ya Sipriani na Agostino, desturi ilidai maaskofu watatu wa kumwekea mikono, na Afrika nzima ya Kaskazini haikuwa nao.